Vikiwa Vingi Viitweje? Umoja na Wingi katika Lugha za Kuundwa

Lugha za kuundwa, yaani lugha ambazo hazikukua zenyewe vinywani mwa watu kwa karne nyingi bali zilitungwa na mtu mmoja au kikundi kwa makusudi maalumu, hutofautiana sana katika malengo yake. Zipo zilizokusudiwa kuwaunganisha watu wa mataifa mbalimbali, kama Kiesperanto kilichotangazwa na Ludwik Zamenhof mjini Warsaw mwaka 1887. Zipo zilizotungwa ili kufuata mantiki kwa ukamilifu, kama Lojban. Na zipo zinazosemwa na wahusika wa riwaya na filamu, kama Quenya ya J. R. R. Tolkien au Kiklingoni cha Marc Okrand. Mtunzi wa lugha yoyote kati ya hizo hukutana mapema na swali linaloonekana dogo: kitu kikiwa kimoja kinaitwa hivi, je, vikiwa vingi viitweje? Watunzi wanaoanza hulijibu kwa haraka mno, wakaokota kiambishi kimoja cha kupachika mwishoni mwa nomino, kisha wakasonga mbele. Hata hivyo, kabla ya umbo la kiambishi kuna uamuzi mzito zaidi unaopaswa kufanywa kwa makini, nao ni iwapo lugha itamlazimisha msemaji kutaja idadi kila anapotaja kitu.

Mzungumzaji wa Kiswahili hana hiari katika jambo hilo, kwa kuwa hawezi kutaja kitabu pasipo kuchagua baina ya kitabu na vitabu, hata pale ambapo idadi haina maana yoyote kwa anachotaka kusema. Mzungumzaji wa Kijapani, kwa upande wake, hutumia neno *hon* kwa kitabu kimoja na kwa vitabu mia, na akitaka kuweka wazi idadi huongeza neno la kuhesabia. Baadhi ya lugha za kuundwa zimefuata njia hii ya pili kwa makusudi. Katika Toki Pona, lugha ndogo yenye maneno yapatayo 120 iliyotolewa na Sonja Lang mwaka 2001, neno *jan* ni mtu au watu, *jan mute* ni watu wengi, na hata kiwakilishi *mi* huweza kuwa mimi au sisi. Lojban, iliyoanza mwaka 1987 kutokana na mradi wa Loglan ulioasisiwa na James Cooke Brown mwaka 1955, huruhusu *lo gerku* kuwa mbwa mmoja au mbwa kumi, na msemaji anayehitaji kutaja watatu husema *lo ci gerku*. Ni kweli kwamba katika Kiswahili pia nomino *mbwa* haibadiliki, lakini tofauti ni kubwa: katika Kiswahili idadi hujitokeza mara tu mbwa huyo anapotenda jambo, kwa maana kwamba *mbwa amebweka* haiwezi kuchukuliwa kuwa *mbwa wamebweka*, ilhali katika Lojban kitenzi hakisemi lolote kuhusu idadi na msikilizaji huachiwa muktadha.

Hakuna sababu ya kuiona njia mojawapo kuwa ya kistaarabu zaidi kuliko nyingine. Lugha isiyolazimisha idadi humpunguzia mwanafunzi mzigo wa kukariri na kumwondolea hatari ya kukosea, na lugha inayoilazimisha humhakikishia msikilizaji kwamba habari hiyo haitasahauliwa. Mtunzi anayetaka lugha ya kufundishwa kwa wiki chache huenda akaiacha idadi iwe ya hiari, na mwenye kutunga lugha ya taifa la kubuniwa lenye desturi nzito za kutofautisha mmoja na wengi atakuwa na sababu ya kuilazimisha. Kosa ni kuilazimisha bila kujua kwamba kulikuwa na uchaguzi.

Idadi inapoamuliwa kuwa ya lazima, ndipo huja suala la umbo, na hapa wasomaji wa Kiswahili wako mahali pazuri pa kuliangalia. Mwanaisimu Matthew Dryer, aliyelinganisha lugha 1,066 kwa ajili ya Atlasi ya Dunia ya Miundo ya Lugha, alikuta kwamba lugha 513 huonyesha wingi wa nomino kwa kiambishi tamati, yaani kipande kinachopachikwa mwishoni mwa neno, na lugha 126 tu hutumia kiambishi awali kama Kiswahili kifanyavyo katika *mtu* na *watu*. Zilizobaki hugawanyika baina ya neno linalojitegemea la kuonyesha wingi, mabadiliko ndani ya shina, uradidi wa neno zima, toni, na njia nyinginezo, na lugha 98 hazina alama ya wingi kabisa. Wingi wa viambishi tamati duniani ni jambo la kweli, lakini hautoshi kueleza kwa nini karibu lugha zote za kimataifa zilizojengwa juu ya lugha za Ulaya zimeweka alama mwishoni. Volapük ya padri Mjerumani Johann Martin Schleyer, iliyotangulia Kiesperanto kwa miaka michache, ilichukua *-s*. Novial ya Otto Jespersen ya mwaka 1928 ikachukua *-s*. Interlingua ya mwaka 1951 nayo ikawa na *-s*, na *-es* baada ya konsonanti. Watunzi hao walikuwa wakisikiliza lugha za jirani zao, na waliita matokeo yake lugha za dunia.

Jaribio moja la Afrika linastahili kutazamwa kwa kirefu kuliko linavyotazamwa kwa kawaida. Mwaka 1970 mwanahistoria wa Ghana, K. A. Kumi Attobrah, alitoa Afrihili, lugha ambayo jina lake limeunganisha Afrika na Kiswahili, na ambayo ilikusudiwa kuwa lugha ya mawasiliano ya bara zima. Msamiati na sarufi yake vilichotwa katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili na Kiakan zikiwamo, na nomino zake huanza na kuishia kwa irabu. Katika wingi, Attobrah hakuchukua viambishi vya ngeli wala hakuiga *-s*, bali alizibadilisha mahali irabu ya mwanzo na ile ya mwisho, hata *omulenzi*, yaani mvulana, ikawa *imulenzo* katika wingi. Neno lenyewe ni la Kiganda, na Waganda husema *abalenzi* kwa wavulana wengi, kwa hiyo mtunzi alilipokea neno na kuukataa wingi wake. Ubunifu huo una uzuri wa wazi: neno halirefuki, halihitaji orodha ya ngeli kumi na zaidi, na wingi husikika mwanzoni na mwishoni kwa pamoja. Una pia udhaifu ambao kila mtunzi anafaa kuupima, kwa sababu mtu anayekutana na neno geni lenye irabu pande zote mbili hana njia ya kujua kwa umbo peke yake kama ameliona katika umoja au katika wingi, tofauti na kiambishi kama *wa-* ambacho hujitambulisha chenyewe hata mbele ya shina ambalo msikilizaji hajawahi kulisikia. Kiambishi kizuri cha wingi hufanya kazi mbili, ya kutofautisha maumbo mawili na ya kutaja lipi kati ya hayo ndilo la wingi, na ubadilishanaji wa irabu hutimiza ya kwanza tu.

Suala ambalo limeleta ugomvi mkubwa zaidi katika historia ya lugha za kuundwa ni lile la upatanisho wa kisarufi, yaani kama idadi ya nomino irudiwe katika maneno yanayoandamana nayo. Zamenhof aliamua irudiwe kwa kivumishi: *libro* ni kitabu, *libroj* ni vitabu, na herufi *j* hutamkwa kama *y*, kitabu kizuri ni *bona libro*, vitabu vizuri ni *bonaj libroj*, na vinapokuwa vitu vinavyotendwa huwa *bonajn librojn*. Kitenzi, hata hivyo, hakibadiliki kwa idadi. Wapinzani waliiona *-j* ya kivumishi kuwa mzigo usio na faida, na walipotoa Ido mwaka 1907 kama Kiesperanto kilichorekebishwa waliifuta: *bona libro* huwa *bona libri*, nomino ikibadilisha *-o* kuwa *-i* na kivumishi kikibaki kilivyo. Hoja yao ilikuwa kwamba habari iliyokwisha kutolewa mara moja haina haja ya kutolewa tena.

Yeyote aliyekulia katika Kiswahili ana sababu nzuri ya kuitilia shaka hoja hiyo. Katika sentensi *vitabu vile vyangu viwili vizuri vimepotea*, wingi umetajwa mara sita, na hakuna mzungumzaji anayechoka kwa kufanya hivyo; kinyume chake, marudio hayo humwezesha msikilizaji aliye mbali, au aliye katika kelele za soko, kushika maana hata silabi moja au mbili zikimpita. Humwezesha pia msemaji kuliacha jina lenyewe na kusema *viwili vimepotea* huku kila mtu akijua ni vitu vya ngeli gani vinavyozungumziwa. Kiesperanto chenyewe kina faida ambayo watunzi wa Ido waliipoteza: mtu akisema *lingvoj rusa kaj franca*, akiiacha nomino katika wingi na vivumishi katika umoja, hueleweka kwamba anataja lugha mbili, moja ya Kirusi na moja ya Kifaransa, na tofauti hiyo haiwezekani pale ambapo kivumishi hakina idadi. Watunzi wa Ido walikuwa sahihi kwamba upatanisho una gharama kwa mwanafunzi, hasa yule ambaye lugha yake ya kwanza haina jambo hilo. Walikosea walipoliita marudio matupu. Mtunzi anayeuondoa upatanisho anapaswa kujua ni kazi zipi anaziondoa, kisha aangalie kama mpangilio wa maneno au viunganishi vitazibeba badala yake.

Kuna sehemu moja ambapo uchumi wa maneno ni wa busara isiyopingika, nayo ni baada ya namba. Kituruki husema *üç kitap*, vitabu vitatu, kwa kuiacha nomino katika umoja, kwa kuwa namba imekwisha kusema kila kitu. Kihungaria hufanya vivyo hivyo, na Kiindonesia, ambacho huweza kuradidi neno na kusema *buku-buku* kwa vitabu, husema *tiga buku* pasipo uradidi panapokuwa na tatu. Giuseppe Peano, mwanahisabati wa Italia aliyetoa Kilatini chake kisicho na minyumbuliko mwaka 1903, aliifanya *-s* ya wingi kuwa ya kutumiwa tu pale ambapo idadi haijajulikana kwa njia nyingine. Mtunzi asiyeandika kanuni yake kuhusu namba ataongozwa na lugha yake ya kwanza bila kutambua.

Upo pia uwezekano kwamba umoja na wingi pekee havitoshi. Lugha nyingi za dunia zina uwili, yaani umbo maalumu la vitu viwili, kama Kiarabu kinavyotofautisha kitabu, vitabu viwili na vitabu vingi, na chache zina utatu pia. Joseph Greenberg, katika kanuni zake za jumla zilizochapishwa mwaka 1963, alionyesha kwamba lugha haina utatu isipokuwa ina uwili, wala haina uwili isipokuwa ina wingi. Na'vi, lugha aliyoitunga Paul Frommer kwa filamu ya *Avatar* ya mwaka 2009, huifuata ngazi hiyo kikamilifu: *tute* ni mtu, *mesute* ni watu wawili, *pxesute* watatu, na *aysute* ni watu zaidi ya hao. Viambishi hivyo hulainisha konsonanti inayofuata, ndiyo maana *t* imekuwa *s*, na kwa kuwa ulainisho huo peke yake unatosha kuonyesha wingi, Wana'vi huweza kuondoa *ay-* na kusema *sute* tu. Hapo mtunzi amefanya jambo la ustadi mkubwa, kwa sababu ameonyesha jinsi kiambishi kinavyoweza kuacha alama yake ndani ya neno hata baada ya chenyewe kutoweka. Tolkien naye aliipa Quenya idadi nne, ambapo *cirya* ni jahazi, *ciryar* ni majahazi, *ciryat* ni majahazi mawili, na *ciryali* ni baadhi ya majahazi kati ya mengi.

Mfano wa Kivaliria cha Juu, lugha ya tamthilia ya *Game of Thrones*, unafundisha zaidi. David Peterson alipopewa kazi ya kuitunga alikuta tayari George R. R. Martin ameweka maneno machache katika riwaya zake, mojawapo likiwa *valar*, lililotumiwa kwa maana ya binadamu wote. Peterson angeweza kulifanya *valar* kuwa wingi wa kawaida na kumaliza. Badala yake aliipa lugha idadi nne: *vala* ni mtu mume mmoja, *vali* ni wengi, *valun* ni wachache, na *valar* ni idadi ya ujumla, inayowachukua wote kama kitu kimoja. Neno moja alilorithi, ambalo hakuwa na mamlaka ya kulibadili, likazaa mfumo mzima wa sarufi.

Watunzi wachache hujiuliza kama kila nomino inastahili wingi. Katika lugha asilia, majina ya watu hupata wingi kabla ya wanyama, na wanyama kabla ya vitu visivyo na uhai, na lugha ikiwa na wingi wa sehemu tu ya nomino, sehemu hiyo kwa kawaida ni ya wenye uhai. Katika Dothraki, lugha nyingine ya Peterson, nomino zenye uhai hubadilika kwa idadi na zisizo na uhai hazibadiliki. Kiklingoni, ambacho kamusi yake ilichapishwa mwaka 1985, kina viambishi vitatu: *-pu'* kwa viumbe wenye uwezo wa kusema, *-Du'* kwa viungo vya mwili, na *-mey* kwa vilivyobaki. Kwa hiyo *puqpu'* ni watoto, na mtu akisema *puqmey*, akimpa mtoto kiambishi cha vitu, humaanisha watoto waliotapakaa kila mahali, jambo ambalo kila mzazi ataona umuhimu wa kuwa na neno lake. Kiswahili nacho kinaujua mvutano huu baina ya umbo na uhai, kwa kuwa *vifaru* huchukua umbo la vitu lakini husemwa *vifaru wamekufa*, uhai ukiushinda umbo mara tu sentensi inapoanza kusonga.

Lugha inayotakiwa ionekane kana kwamba ina umri mrefu haiwezi kuwa na wingi ulionyooka mahali pote. Katika Sindarin ya Tolkien, *amon*, kilima, huwa *emyn*, na *adan*, mtu, huwa *edain*, pasipo kiambishi chochote kinachoonekana. Tolkien, aliyekipenda sana Kiwelisi, hakuyapanga mabadiliko hayo kwa kubahatisha: alidhania lugha ya kale ambamo wingi ulikuwa *-i* mwishoni, irabu hiyo ikazivuta irabu za nyuma yake zifanane nayo, kisha ikaanguka na kuacha athari zake. Kiswahili kina mifano ya kutosha ya jambo hili, kwani *meno* ni *ma-* na *ino* zilizoungana hata irabu zao mbili zikawa moja, na *ndimi* ni wingi wa *ulimi* uliozaliwa pale *l* ilipokutana na sauti ya puani na kugeuka *d*. Mtunzi anayetaka vighairi vya kuaminika aanze na kanuni iliyonyooka kabisa, aipitishe katika mabadiliko mawili au matatu ya sauti, kisha akubali kinachotokea. Vighairi vinavyobuniwa kimoja kimoja kwa ajili ya pambo huonekana mara moja kuwa ni pambo.

Lugha iliyotungwa ikipata wasemaji, nao wataishika mikononi na kuifanyia wanayoyataka, na maneno ya kukopa ndiyo huonyesha ni kiambishi kipi kilicho hai. Kiswahili ni mfano mzuri: *kitabu* kilitoka Kiarabu bila kiambishi chochote, lakini masikio ya Waswahili yalisikia *ki-* na kutoa *vitabu*. Maneno ya Kiingereza *keep left* yakawa *kiplefti*, yaani mzunguko wa barabarani, na *viplefti* vikafuata. Maneno mengine ya kukopa hupokewa na *ma-*, kama *madaktari* na *mabasi*, na vijana wa Nairobi wamekipanua kiambishi hicho katika Sheng hadi kwenye maneno mengi ambayo Kiswahili sanifu kisingeyapa.

Nje ya nomino kuna mambo ambayo orodha za sarufi huyasahau. Zamenhof, aliyeuweka wingi kwenye nomino na kivumishi, alitumia *vi* kwa wewe na kwa ninyi, hata Mswahili anayejifunza Kiesperanto hukosa njia fupi ya kutofautisha *karibu* na *karibuni*. Kuna pia wingi wa wenzi, ambao Kiswahili hueleza kwa *akina*: *akina Asha* si watu wengi wanaoitwa Asha, bali ni Asha pamoja na walio naye, na lugha ya kuundwa isiyo na njia ya kulisema hilo italazimika kutumia maneno mengi.

Mwisho kuna utata ambao hata wingi uliopangwa vizuri hauumalizi. *Wanaume watatu walibeba meza* huweza kuwa wanaume walioibeba meza moja kwa pamoja, au kila mmoja aliyebeba meza yake, na Kiswahili huutatua utata huo kwa *kila mmoja* au *kwa pamoja* pale tu msemaji anapoona haja. Lojban imeliingiza jambo hili katika vibainishi vyake, hata *loi* ikawataja wanaume hao kama kundi moja linalotenda kwa jumla, tofauti na pale kitendo kinapomhusu kila mmoja wao peke yake. Katika lugha hiyo, ambayo haimlazimishi msemaji kusema kama mbwa ni mmoja au kumi, wabebaji wa meza wanaweza kutofautishwa kwa silabi moja.